Tusimwite Yatima Kabla ya Kumtafuta Mama Yake



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya maji ya kuchemsha, vyandarua, lishe ya mama mjamzito na mambo mengine ya namna hiyo. Mwezi huu tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya ugonjwa usioonekana kwa darubini ya maabara, nao ni mtoto kupotezana na wazazi wake wakati wa kukimbia vita. Pengine msomaji atauliza: je, hili ni jambo la ukurasa wa afya? Si la serikali na mashirika ya wakimbizi? Jibu letu ni kwamba ni la afya kwanza. Mtoto mchanga aliyetenganishwa na mama yake huweza kufa kwa kuhara ambako mwenzake, aliye mgongoni mwa mama, hupona. Tena ni jambo la familia za parokia, kwa maana watoto hawa hawaishii kambini. Wako stendi za mabasi, wako mashambani, na wengine wako jikoni mwetu.

Tunalotaka kusema tuliseme mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma yote alichukue. Mtoto wa namna hii asiitwe yatima kwa haraka, asikimbizwe kituoni, wala asigeuzwe mfanyakazi wa nyumbani. Aandikishwe, atafutiwe ndugu zake, na wakati wa kusubiri alelewe katika familia ambayo nayo inaangaliwa. Maneno ni machache, lakini utekelezaji wake umetushinda mara nyingi.

NI WATOTO GANI HAO?

Wanaoshughulika na wakimbizi huwagawa watoto hawa katika mafungu mawili. Kuna mtoto aliye peke yake kabisa: hana baba, hana mama, hana ndugu mtu mzima wala mlezi yeyote ambaye kwa sheria au kwa mila ana wajibu juu yake. Na kuna mtoto aliyetengana na wazazi lakini yuko na shangazi, babu, kaka mkubwa au ndugu mwingine. Wote wawili huhitaji ulinzi, ila wa kwanza yuko katika hatari kubwa zaidi. Wa pili naye asisahauliwe, kwani shangazi mwenye watoto wake sita na kibanda kimoja huweza kulemewa, na hapo mtoto wa ndugu yake huwa wa mwisho kupewa chakula na wa kwanza kutumwa kuni.

Angalieni kwamba katika maelezo hayo neno yatima halimo. Yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi. Mtoto aliyepotezana na wazazi wake mara nyingi wazazi wake wako hai, wanamtafuta katika kambi nyingine au ng'ambo ya ziwa, wanalia kila usiku. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tukishamwita mtoto yatima, tumemaliza shauri: hatutamtafutia mtu tena. Kwa neno moja tumewazika wazazi wake wakiwa hai.

NAMNA MTOTO ANAVYOPOTEA

Wengi hudhani kwamba mzazi anayepoteza mtoto ni mzazi mzembe. Wasome tena Injili ya Luka, sura ya pili. Yosefu na Maria walitoka Yerusalemu na msafara wa jamaa na rafiki, wakatembea siku nzima wakidhani mtoto yumo pamoja na wengine. Walimpata siku ya tatu. Kama watu watakatifu namna ile, katika safari ya amani ya kwenda hija, walipotezana na mtoto, tutamlaumuje mama aliyekimbia usiku risasi zikilia?

Tarehe 28 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Katika msongamano wa namna hiyo mkono wa mtoto ukiachiwa mara moja, basi. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijikusanya Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Kipindupindu kikaingia, na watu wapatao 30 wakafa katika mlipuko huo. Watu walichukuliwa kwa mafungu kupelekwa Kigoma mjini, wengi kwa meli ya MV Liemba. Hapo napo familia zaweza kugawanyika: mmoja anapanda meli ya leo, mwingine anabaki kusubiri ya kesho, mama anaingizwa katika hema la wagonjwa, watoto wanabaki nje.

Hata safari ya kurudi nyumbani hutenganisha. Novemba 1996, Wanyarwanda waliporudi kutoka Zaire kwa mamia ya maelfu, na Desemba mwaka huohuo waliporudi kutoka Ngara na Karagwe, kuna watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, baada ya kuvumilia pamoja miaka miwili ya kambi. Na mambo haya si ya zamani tu. Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa, Februari ukafuata Bukavu, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi, wengine kwa kuvuka mto Rusizi. Watoto wengine hawapotei kwa bahati mbaya. Wazazi wenyewe huwatanguliza kwa jirani au kwa dereva, wakitumaini kufuata baadaye.

Sisi tunaofanya kazi za afya tuna fundisho letu hapa. Mara nyingine wanaotenganisha ni zahanati na magari ya wagonjwa. Mama mahututi anapandishwa gari, mtoto anaachwa kwa "mtu yule pale". Jina la mtu huyo halikuandikwa. Kila anayepeleka mgonjwa hospitali ya rufaa anapaswa kuandika mahali mawili: mama kaenda wapi, na watoto wamebaki kwa nani.

KUTENGANA HUUMIZA MWILI

Mtoto aliye peke yake huugua kwa sababu zilezile zinazowaugulisha wengine, lakini hana wa kumwona akianza kuugua. Ni mama anayetambua kwamba leo mwana hakucheza, kwamba mkojo umepungua, kwamba mwili una joto. Mtoto asiye na mtu hufikishwa zahanati akiwa amekwisha legea. Isitoshe, anayetoka nyanda za juu zenye baridi za Burundi, Rwanda au Kivu hana kinga kubwa ya malaria. Akishuka kwenye joto la kando ya ziwa, homa humpiga kwa nguvu kuliko mtoto aliyezaliwa huko. Na kama hana kadi ya kliniki, hakuna ajuaye kama alichanjwa surua.

Kuna na maumivu ya rohoni, nayo hujionyesha mwilini. Mtoto wa miaka minane anaanza kukojoa kitandani. Mwingine anapiga kelele usingizini. Mwingine hasemi kabisa, watu wakamsifu kuwa ana adabu. Mwingine analalamika tumbo kila siku, na vipimo havionyeshi kitu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliwalea watoto mjini London chini ya mabomu ya Wajerumani. Katika kitabu walichokitoa mwaka 1943 waliandika kwamba watoto wengi wadogo walisumbuliwa zaidi na kutengwa na mama zao kuliko na mabomu yenyewe. Mtoto aliye mikononi mwa mamaye huweza kuvumilia mengi, ambayo akiwa peke yake humvunja.

KITUO SI DAWA YA KWANZA

Hapa twajua kwamba baadhi ya wasomaji watatukasirikia. Waamini wetu ni wakarimu, na wakisikia habari za watoto wasio na wazazi, wazo la kwanza ni kujenga kituo. Jengo linaonekana, linabarikiwa, lina jiwe la msingi na picha. Hatuwadharau masista na walezi wanaojitoa maisha yao katika vituo. Wapo watoto ambao bila wao wangekuwa kaburini. Tunachosema ni kwamba kituo kiwe mlango wa mwisho, kisiwe wa kwanza.

Sababu yetu ni ya afya. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma, watoto wengi walikusanywa katika vituo vya watoto wasio na wazazi. Madaktari waliochunguza vituo hivyo, na ripoti yao ikachapishwa mwaka 1995, waliona vifo vingi mno, hasa vya watoto wachanga. Si kwamba wahudumu hawakuwa na huruma. Watoto wengi wakilala pamoja, kuhara kwa mmoja ni kuhara kwa wote. Na mlezi mmoja mwenye watoto wengi hawezi kumnywesha kila mmoja kijiko kwa kijiko usiku kucha. Mama mmoja mwenye mtoto mmoja wa ziada mgongoni huweza kufanya lisilowezekana kwa kituo kizima.

Kulikuwa na jambo la pili, la kusikitisha zaidi. Pale vituo vilipokuwa na maziwa na blanketi kuliko vibanda vya wakimbizi, wazazi wengine maskini waliwaacha watoto wao huko ili wapate kuishi. Kwa hiyo kituo kilichojengwa kwa ajili ya watoto waliotengana kilizaa watoto wengine waliotengana. Msaada uleule ungepelekwa kwenye kibanda cha mzazi, mtoto asingeondoka.

Na kuna huruma inayovuka bahari. Mwaka 1994 watoto kadhaa wa Rwanda walipelekwa Ulaya, Italia ikiwa mojawapo, ili waokolewe na vita. Nia ilikuwa njema. Lakini wapo waliobaki huko wakaasiliwa na familia nyingine, na baadaye ikajulikana kwamba baadhi yao wana wazazi walio hai Rwanda, nao wanawadai watoto wao. Wema usiouliza swali la "wazazi wake wako wapi?" huweza kugeuka kunyang'anya.

JINA NI DAWA

Dawa ya kwanza ya mtoto aliyepotea, kabla ya uji na blanketi, ni kuandika jina lake. Tena si jina la ubatizo peke yake. Andika anavyoitwa nyumbani, jina la baba na la mama, majina ya ndugu zake, jina la kilima au kijiji, shule, parokia, mto au soko lililo karibu, siku waliyopotezana na mahali. Andika alama alizo nazo mwilini na nguo alizovaa siku ile. Usizitupe nguo hizo hata zikiwa matambara, kwa maana mama huweza kulitambua shati alilolishona kwa mkono wake. Mtoto wa miaka mitatu husahau upesi. Analolijua leo juu ya nyumbani kwao, baada ya miezi sita halipo.

Kazi hii inawezekana. Baada ya mwaka 1994 watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa katika Rwanda na nchi jirani kuwa wametengana na wazazi wao. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, mashirika ya Umoja wa Mataifa na mengine yalishirikiana kuwatafutia watu wao, na makumi ya maelfu walirudishwa kwa familia zao. Wadogo wasiojua hata majina yao walipigwa picha, na picha zikatembezwa mahali wazazi wanapoweza kuziona. BBC ilianzisha mwaka 1994 kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichopewa jina la Gahuzamiryango, yaani kiunganisha familia, ambamo watu walitajwa majina ili ndugu zao wasikie. Haya yote yalifanyika kwa kalamu, picha na redio, simu za mkononi zikiwa bado hazijaenea kwetu. Sisi leo tukisema haiwezekani, tutakuwa wavivu.

MGENI SIKU MBILI

Sasa tuingie nyumbani mwetu. Kuna methali tunayoipenda: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali nzuri kwa mjomba mwenye nguvu aliyekuja kutembea akanogewa. Lakini imetumika vibaya. Mtoto wa kikimbizi wa miaka kumi na moja anapokelewa kwa machozi Jumapili. Jumatano amekabidhiwa mbuzi, ndoo na mtoto mchanga wa nyumba ile. Baada ya mwezi watoto wa nyumbani wako shuleni, yeye yuko shamba. Akiumwa hapelekwi zahanati, kwa kuogopa maswali. Mshahara hana, kwa kuwa "tumemsaidia". Wapendwa, huo si ukarimu. Ni utumwa uliovaa nguo ya ukarimu.

Kwa msichana hatari ni mbaya zaidi. Asiye na baba wala kaka wa kumtetea huonekana na watu waovu kuwa ni mali isiyo na mwenyewe. Kama msichana au mvulana amenajisiwa, familia isifiche kwa ajili ya aibu na isisubiri kikao cha ukoo. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Asiogeshwe kwanza, wala nguo zisifuliwe, kwani ni ushahidi. Kosa si la mtoto.

Wapo wanaowaficha watoto hawa kwa sababu nyingine, nayo twaielewa. Wanaogopa kwamba wakimtaja, mtoto atakamatwa, na wao watashtakiwa kwa kuficha mgeni asiye na kibali. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana sheria zetu zinamtaka mkimbizi aishi mahali alipopangiwa. Lakini mtoto aliyefichwa hana kadi, hana shule, na hakuna anayemtafutia mama yake. Anayemficha leo kwa huruma, kesho akifariki, mtoto atabaki mikononi mwa nani? Asiyekuwepo na lake halipo, na mtoto ambaye hayupo katika daftari lolote ni kama hayupo duniani.

HAKI YA KUOMBA HIFADHI

Mtoto aliye peke yake anayo haki ya kuomba hifadhi kama mtu mzima. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1991, unalisema hilo katika ibara ya 22: mkimbizi mtoto alindwe na kusaidiwa, awe na wazazi au asiwe nao, na asaidiwe kuwapata. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema vivyo hivyo katika ibara ya 23. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inaagiza kwamba maslahi bora ya mtoto yatangulie, tena inamtwika kila mwananchi anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa.

Kwa hiyo twaona ni sawa kudai mambo matatu. Kwanza, mtoto anapohojiwa juu ya hifadhi awe na mtu mzima aliyeteuliwa kumsimamia, na ahojiwe kwa lugha anayoielewa. Mtoto hasimulii vita kama mtu mzima: hutaja mbwa wao aliyeuawa, akaacha kutaja kijiji kilichochomwa. Pili, asiwekwe mahabusu kwa sababu tu hana karatasi. Tatu, asirudishwe kwao peke yake mpaka ijulikane nani anampokea upande wa pili. Kumshusha mtoto mpakani na mfuko wa unga si kumrudisha nyumbani.

Kuna swali linaloletwa kwetu wa afya moja kwa moja: mtoto huyu ana miaka mingapi? Wakati mwingine daktari huombwa aangalie meno, au apige picha ya mifupa ya mkono. Yafaa wasomaji wajue kwamba kipimo hicho hakitoi tarehe ya kuzaliwa. Kitabu cha picha za mifupa kinachotumika sana duniani, cha Greulich na Pyle, kilitokana na watoto wa Marekani, wa mji wa Cleveland, waliopigwa picha hasa miaka ya 1930, watoto wa familia zenye kujiweza. Mtoto aliyekua kwa njaa na malaria mifupa yake huchelewa. Na hata kwa mtoto mwenye afya, makosa ya miaka miwili si ajabu. Wavulana wa Sudani Kusini waliotembea hadi Ethiopia tangu mwaka 1987, kisha wakafika Kakuma nchini Kenya mwaka 1992, wengi wao waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu hakuna aliyejua siku zao. Basi pale penye shaka, mtoto ahesabiwe kuwa ni mtoto. Hasara ya kumtendea kijana wa miaka kumi na tisa kama mtoto ni ndogo kuliko hasara ya kumfungia mtoto wa miaka kumi na tano pamoja na watu wazima.

UFANYE NINI UKIMKUTA MTOTO WA NAMNA HII?

1. Mpe maji salama na chakula kidogo kidogo. Kama amekonda sana au miguu imevimba, usimshibishe wali na nyama siku ya kwanza. Mwili wake hauwezi, anaweza kufa. Mpeleke zahanati apimwe mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono wenye mzunguko chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, naye anahitaji tiba maalumu.

2. Kama anahara, mpe maji yenye chumvi na sukari ya dawa (ORS). Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kilima. Uliza zahanati dawa ya zinki. Kama ana homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Uliza pia chanjo ya surua.

3. Andika habari zake kama tulivyoeleza. Usimlazimishe kusimulia mauaji. Akitaka kusema, msikilize, akinyamaza, mwache. Akikojoa kitandani asichapwe wala asichekwe.

4. Toa taarifa mapema, ikiwezekana siku ileile, kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na haitozwi. Katekista na Paroko wajulishwe pia, ili wawepo watu zaidi ya mmoja wanaojua kwamba mtoto huyu yupo.

5. Omba Msalaba Mwekundu wamtafutie ndugu zake. Huduma hiyo hailipiwi. Anayekuomba fedha ili akutafutie wazazi wa mtoto, mwogope.

6. Ndugu wawili wasitenganishwe, hata kama nyumba moja haiwatoshi. Wametengana na wazazi. Wasipoteze na hicho kilichobaki.

7. Kama ustawi wa jamii wanakupa mtoto akae kwako, hayo huitwa malezi ya kambo. Ni ya muda, na yana taratibu zake. Mtoto ale mnachokula, alale wanapolala wenu, aende shule wanayokwenda wenu. Asibadilishwe jina. Asizuiwe kusema lugha yake, maana siku mama yake akipatikana, atamwambia nini kama hawasikilizani?

"SISI WENYEWE MASKINI"

Tunajua jibu litakalotolewa katika jumuiya. Mwaka huu mahindi hayakutosha. Watoto wetu wenyewe wanasoma wamekaa chini. Mbona wakimbizi wanapewa na sisi hatupewi? Swali hilo si la dhambi, na watu wa mikoa ya mpakani wamekwisha beba mzigo mkubwa tangu miaka ya 1970. Lakini mengi tuliyoyataja hapo juu hayahitaji fedha. Kuandika jina hakugharimu mahindi. Kumwita mwenyekiti hakugharimu kitu. Kumtazama mtoto mgeni kwa jirani na kuuliza, "Huyu mbona haendi shule?" kunagharimu ujasiri tu.

Jumuiya ndogondogo zaweza kufanya zaidi. Familia iliyopokea mtoto isiachwe peke yake: wenzake wachangie daftari, sabuni, debe la mahindi. Akina mama wa WAWATA wamtembelee mtoto, si mara moja kwa kupiga picha, bali kila mwezi, wamwone anavyokua. Watoto wa Utoto Mtakatifu wamwalike kucheza. Dawa hiyo hatuna sisi katika makabati yetu. Na pale jumuiya inapotaka kuchangisha fedha za jengo, kwanza iulize: fedha hizi zingewafikia nyumbani mama wajane na shangazi waliolemewa, watoto wangapi wasingehitaji jengo?

Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliitoa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani kwa ajili ya watoto wahamiaji, akiwaita wanyonge wasio na sauti. Sauti hiyo ni sisi tulioombwa kuitoa, tena si kwenye mahubiri peke yake: kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa ofisa wa wakimbizi, kwa mwalimu mkuu, na kwa jirani yetu mwenye mtoto asiyeenda shule.

Wapendwa, hata Familia Takatifu ilipokimbilia Misri ilikuwa na heri moja: mtoto alikuwa na mama yake na mlezi wake. Tuwasaidie watoto hawa waipate heri hiyo. Jumapili hii, katika mkutano wa jumuiya, tunaomba kila kiongozi aulize swali moja tu: katika nyumba zetu, yuko mtoto ambaye hatujui mama yake yuko wapi? Akijibiwa ndiyo, achukue kalamu.